Nyimbo Zangu kwenye Vidole vya Mtu Mwingine

Jumapili, mwisho wa Aprili. Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyopiga kelele juu ya bati. Milima imejifunika na sidhani kama itajifunua leo. Nguo nilizofua juzi bado zinanuka maji.

Nimechoka.

Si uchovu wa kazi. Huo naufahamu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Huu wa leo ni wa aina nyingine, unakaa chini ya mbavu, na usingizi haukuuondoa.

Jana nilikaa kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi mmoja wa Kihonda, mkono wa kushoto nimeulaza mapajani, nikasikiliza nyimbo zangu zikipigwa na mtu mwingine. Napiga gitaa la solo kwenye bendi yetu tangu kabla sijaolewa. Sikuwahi kuiona bendi kutoka upande wa watu. Sikujua kwamba Gervas hufumba macho akipiga. Sikujua kwamba Dada Asia, akiwa anasubiri zamu yake ya kuimba, hutazama chini kama mtu anayetafuta pini.

Naandika hapa kwa sababu ni mahali pekee ninapoweza kulalamika bila mtu kuniambia nishukuru Mungu kwamba sikuvunjika mguu.

Nieleze tangu mwanzo, kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza. Bendi yetu ni ndogo. Dada Asia ndiye mwimbaji na ndiye mwenye bendi. Gervas anapiga gitaa la ridhim, na nyuma yao kuna besi na dramu. Tunapiga kwenye harusi, mahafali, na hoteli mojamoja watalii wanapokuwa wengi. Nyimbo nyingi nimetunga mimi. Natunga nikiwa na gitaa tu, nimekaa kitandani, vidole vinatembea vyenyewe mpaka vifike mahali ninapopapenda. Sijawahi kuandika chochote. Wimbo ukishakaa kwenye mkono, umekaa.

Mwezi wa pili tulikwenda kuzika Kinole. Udongo wa kule mlimani ukilowa unakuwa sabuni, na mimi nilivaa viatu vya mjini. Niliteleza kwenye mteremko mbele ya waombolezaji wote, nikajikinga kwa mkono wa kushoto. Nilisikia mlio kwanza, maumivu yakaja baadaye. Nilifungwa hogo, ile plasta ngumu, hadi kwenye kiwiko, na lilipotolewa mkono ulikuwa mwembamba, umepauka, kama si wangu. Kidole cha pete na kile cha mwisho havikunjiki.

Daktari, mama mmoja mpole, alivikunja kwa vidole vyake, akaviachia, vikanyooka tena.

"Mfupa umeunga vizuri, mwalimu," akasema. "Ila hivi viwili vinahitaji muda. Vinaweza kurudi. Vinaweza visirudi sana."

Nikamwambia napiga gitaa. Akaniuliza mkono upi ndio unaoshika nyuzi. Nilipouinua huo huo, akaandika kitu kwenye faili bila kunitazama.

Nyumbani sikulia. Nilipika ugali kwa mkono mmoja, mume wangu akashika sufuria.

Tatizo likawa Rahma. Rahma ni binti wa Dada Asia, wa pekee, na sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa ilishapangwa. Mama yake alisema tangu zamani kwamba siku hiyo atapanda jukwaani mwenyewe na bendi yake, amwimbie mwanawe. Mwezi mmoja kabla ya kuteleza nilikuwa nimeanza kumtungia wimbo wa siku hiyo. Ubeti ulikuwepo, kiitikio kilikuwepo. Mwisho haukuwepo, ile sehemu ambayo maneno yanaisha na mama anabaki na sauti tu. Niliuacha nikijua vidole vitaupata siku moja. Huwa vinaupata.

Dada Asia alikuja kuniona, akautazama mkono, akautazama tena, kisha akasema amempata mtu wa kunishikia nafasi. Anaitwa Baraka, anafundisha sekondari huko Turiani na anapiga gitaa kanisani kwao. Mzuri, akasema. Shida ni kwamba hawezi kuja mazoezini mpaka Ijumaa ya kuamkia sherehe.

"Kwa hiyo mwandikie," Dada Asia akasema.

"Nimwandikie nini?"

"Nyimbo. Kodi zake. Wenzako siku hizi wanaandika kwenye simu, wanatumiana."

"Dada, mimi sijawahi kuandika wimbo hata mmoja."

"Basi ndiyo utaanza, Zai. Mimi nina binti mmoja tu."

Kwanza nilijaribu njia ya uvivu. Nilimrekodia Baraka ujumbe wa sauti, nikimwimbia kwa mdomo kila gitaa linavyokwenda, ti-ri-ri-ri, ta-ra. Nilijiona mjanja. Akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo dada. Nimesikiliza mara kadhaa. Naomba kuuliza, hapo kwenye ta-ra ni kodi gani?"

Sikujua.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta aplikesheni. Nilikaa sebuleni na simu, bando la mwezi likiyeyuka, nikinung'unika peke yangu kuhusu kodi. Mume wangu, baba Latifa, ni bwana shamba, shughuli zake ni migomba na mbegu. Akainua kichwa kutoka kwenye redio.

"Kodi ipi tena? Si tulilipa nyumba mwezi uliopita?"

Nilimweleza kwamba ni kodi za gitaa, zile sauti tatu au nne zinazoshikwa pamoja. Akasema afadhali, akarudi kwenye taarifa ya habari.

Aplikesheni ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho. Ina picha ya gitaa linalong'aa, ukigusa linalia. Kila nilipomaliza mstari mmoja, likatokea tangazo la mchezo wa kupasua peremende, na tangazo halifungiki mpaka ulitazame. Nilipofika kiitikio nilikuwa nimeshasahau ubeti.

Ya pili ilikuwa na heshima zaidi, haina matangazo. Ikaniruhusu kuandika wimbo mmoja. Nilipotaka kuhifadhi wa pili, ikaniambia nijiunge kwa malipo ya kila mwezi. Niliifuta.

Ya tatu ndiyo iliyonivunja moyo, maana niliitegemea. Unaipa wimbo, inasikiliza, inakuandikia kodi zote yenyewe. Nikaipa rekodi ya harusi moja tuliyopiga mwaka jana. Ikafikiri. Kisha ikajaza kioo kizima kwa herufi, kodi mpya kila pigo la dramu, kama mtu anayetaja majina ya vituo vya mabasi. Wanawake walipopiga vigelegele, ikaandika kodi ya F shapu. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakutaka kuacha. Baba Latifa alizima redio. Akaja kukaa kando yangu.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko pale shuleni, nikaipata ya nne. Haina sura. Rangi ya kijivu, visanduku vimepangwa kwa safu, kila kisanduku mapigo manne. Unaandika kodi ndani yake na maneno ya wimbo chini yake, basi. Inafanya kazi hata bila bando. Na ina ukurasa mmoja wenye mchoro wa shingo ya gitaa: unaweka nukta pale vidole vinapokaa, yenyewe inakutajia jina la kodi.

Nilijua hiyo ndiyo. Mimi majina sina, nina mahali pa vidole.

Jioni nikachukua gitaa langu kwa mara ya kwanza tangu Kinole. Nilikuwa nimelikwepa, nimeligeuza uso ukutani. Nikaliweka pajani, nikapeleka mkono shingoni. Vidole viwili vilikwenda vinapojua. Viwili vikabaki hewani, vimenyooka kama vya mtu anayeonyesha njia. Nikafunga macho, nikajaribu kukumbuka kwa kichwa vingekaa wapi. Kichwa changu hakijui. Miaka yote hiyo hakikuwahi kuulizwa.

Nililitua gitaa. Nikafikiri, basi, nyimbo zimekwisha hivi hivi. Zimezikwa kwenye vidole viwili.

"Tumia mkono wangu," baba Latifa akasema.

Nilidhani anatania.

"Mkono wangu wa kushoto ni mzima. Niambie uweke wapi."

Hajawahi kushika gitaa. Kwa miaka yote ya ndoa yetu amelipita kama mtu anavyopita mashine ya mwenzake. Tulijaribu akae mbele, haikuwezekana. Ubavuni, kiwiko kikazuia. Mwisho alikaa nyuma yangu kwenye kochi, mkono wake wa kushoto ukapita chini ya wangu mpaka kwenye shingo ya gitaa, mimi nikapiga nyuzi kwa mkono wa kulia. Nikawa nachukua vidole vyake kimoja kimoja, vinene, vyenye udongo uliogoma kutoka kwenye kucha, navikalisha juu ya nyuzi.

"Bonyeza."

"Nimebonyeza."

"Zaidi. Inakoroma."

"Mama Latifa, hizi nyuzi zinakata."

"Zinakata mwanzoni."

"Na wewe mwanzoni zilikukata?"

"Mpaka damu."

Akabonyeza zaidi.

Kodi ya kwanza ilipotoka safi, nilishtuka. Ilikuwa sauti yangu. Imetoka kwenye mkono wa mtu asiyejua wimbo hata mmoja mpaka mwisho, lakini ni yangu. Vidole vyake vilipokaa vibaya ndipo vyangu vilipokumbuka: hapana, kile cha pete kirudi nyuma, cha mwisho kiende uzi wa pili. Nilikuwa nikiona kosa mara moja, kama unavyoona shati la mwenzako limefungwa kifungo vibaya wakati lako hulioni. Nikaweka nukta kwenye simu. Simu ikataja majina marefu, herufi na namba na alama ya mkwaju katikati, kama vibao vya magari. Kumbe ile ninayoiita "ya mlangoni", kwa sababu niliigundua nimekaa mlangoni, ina jina lake na watu duniani wanaitumia.

Jirani yetu alipiga hodi akiwa na bakuli la mboga, akaingia, akatukuta tumekaa hivyo mmoja ndani ya mwingine. Akasema, "Ooh, samahani," akaweka bakuli mlangoni, akaondoka haraka. Baba Latifa alicheka mpaka kodi ikaharibika.

Tulifanya hivyo jioni kadhaa. Ncha za vidole vyake zikawa nyekundu, akawa anashika kikombe cha chai kwa kiganja. Hakulalamika tena baada ya ile siku ya kwanza. Wimbo baada ya wimbo ukaingia kwenye visanduku, nikamtumia Baraka, naye akajibu kila mara: "Nimepokea, dada. Huu ni mzuri sana." Nilikuwa nasoma neno "mzuri" na kujisikia kama mtu anayesifiwa nyumba aliyokwisha kuiuza.

Wimbo wa Rahma niliuandika wa mwisho. Ubeti, kiitikio, kisha visanduku vinne vya ule mwisho ambao sina. Aplikesheni ina kitufe cha kukupendekezea kodi inayofuata. Nikakigusa. Ilinipa kodi sahihi kabisa, zisizo na kosa lolote, na ningeweza kuzisikia kwenye tangazo la sabuni. Nikazifuta. Nikamwandikia Baraka: hapa rudia tu mwanzo.

Vile visanduku nikaviacha wazi.

Ijumaa Baraka akaja. Kijana mrefu, mnyenyekevu, shati limechomekwa, ametoka moja kwa moja kwenye basi na gitaa lake mgongoni. "Shikamoo, mwalimu," akanisalimia kwa mikono miwili, akautazama mkono wangu na kuuacha haraka. Tulikuwa nyumbani kwa Dada Asia, sebule imejaa vitambaa na masanduku ya soda za kesho. Akaweka simu yake juu ya stuli mbele yake, akafungua visanduku vyangu, yeye na wenzangu wa bendi wakaanza.

Hakukosea.

Ninataka kuliandika hilo vizuri, maana nilikuwa nimejiandaa akosee. Kila kodi ilikaa mahali pake. Lakini alikuwa anasoma, na kusoma kunasikika. Gervas alinitupia jicho, akasema kwa upole, "Itakaa tu." Nikajaribu kumweleza Baraka kwamba pale usifike haraka, pale chelewa kidogo. Nikawa nainua mkono wa kushoto kumwonyesha, na mkono hauonyeshi kitu. Akaandika maelezo yangu kwenye simu yake. "Sawa, mwalimu. Nimeelewa, mwalimu."

Tukafika kwenye wimbo wa Rahma. Dada Asia aliuimba amekaa, anakunja vitambaa. Kiitikio kikaisha. Baraka akatazama simu.

"Hapa umeacha wazi, mwalimu."

"Nimekuandikia urudie mwanzo."

"Ndiyo, nimeona." Akabaki ameshika gitaa. "Lakini maneno yameisha. Tukirudi mwanzo tunaonekana kama tumepotea njia."

Kisha, kabla sijajibu, akapiga. Sidhani kama alikusudia. Alikwenda kwenye kodi ya C, ambako hata mimi ningekwenda, halafu kidole kimoja kikarudi nyuma nafasi moja tu kwenye shingo ya gitaa, na ile C ikageuka kuwa C maina, ile yenye huzuni. Ikawa kama mtu aliyekuwa anatabasamu ameangalia pembeni. Akaiacha ilie. Dada Asia aliacha kukunja vitambaa.

"Hapana," nikasema.

Nilisema kwa sauti ninayowaambia watoto wanaopanda dirishani. Baraka akaondoa mkono kwenye nyuzi kama zimemuunguza.

"Samahani, mwalimu. Narudia mwanzo."

"Mwache apite hapo," Dada Asia akasema taratibu.

"Dada, huu ni wimbo wangu."

"Na binti ni wangu."

Mpiga besi akaanza kukaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaaga. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, ingawa si karibu, kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu yeyote.

Nilimsimulia baba Latifa yote. Nilitarajia awe upande wangu, yeye mwenye vidole vyekundu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja.

"Hiyo kodi ilikuwa mbaya?"

Haikuwa mbaya. Ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu mwezi wa kwanza, nikiwa na vidole vyote vitano vizima. Nilipita karibu nayo mara ngapi sijui, nafasi moja tu pembeni, na sikuiona. Kilichoniuma ni hicho, si adabu ya kijana wala wimbo kubadilishwa. Mkono wangu uliovunjika ningeweza kuulilia. Huo mkono mzima ulioshindwa sikujua niufanyeje.

Nililala nikiwa nimeamua kutokwenda. Asubuhi nikapiga pasi gauni.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mashangazi wa Rahma kutoka Mkuyuni walikuja na ndizi mikungu kwa mikungu, wakakaa mstari wa mbele na kanga za sare. Mimi nilichagua kiti cha pembeni, karibu na nguzo, lakini kutoka jukwaani unaonekana, naujua ukumbi ule. Nyimbo za mwanzo zilipigwa, watu wakacheza. Baraka alikuwa bado anasoma, ila kidogo kuliko jana yake. Kwenye wimbo wa tatu aliinua macho kutoka kwenye simu, akasahau kuyashusha, na hakupotea.

Ukafika wakati wa mama na mwana. Rahma alikaa kwenye kiti chake kilichopambwa, amejitanda mtandio wa dhahabu. Dada Asia akaanza. Sauti yake ilikuwa kavu mwanzoni. Ubeti, kiitikio. Mahali penye visanduku vitupu, Baraka alirudi mwanzo, kama nilivyoandika. Alitii. Na kweli ilisikika kama watu waliopotea njia. Dada Asia aliziba pengo kwa kurudia neno, Gervas akafumbua macho.

Wakauzungusha mara ya pili. Ubeti, kiitikio tena. Nikamwona Baraka akitafuta watu kwa macho, meza hadi meza, mpaka kwenye nguzo. Akanitazama. Mkono wake unaendelea kupiga, lakini yeye ananisubiri. Alikuwa ananiomba ruhusa mbele ya watu wote wale, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na yeye, na labda Dada Asia aliyekuwa amempa mgongo.

Ningeweza kutazama chini.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaenda kwenye C, akarudisha kile kidole. Dada Asia hakuwa na maneno ya pale, hayakuwahi kuwepo, akaimba "aah" tu, akaishusha polepole ile sauti pamoja na gitaa. Rahma alikuwa amejitahidi tangu asubuhi asiharibu vipodozi. Akainuka kutoka kwenye kiti chake, akashuka mwenyewe bila kusubiri mshereheshaji, akatembea mpaka kwa mama yake. Dada Asia akaacha kuimba katikati. Baraka hakuacha. Alizungusha visanduku vile vinne tena na tena, pole pole, mpaka wale wawili walipomaliza kulia. Mashangazi wa Mkuyuni wakapiga vigelegele huku wanafuta macho.

Na mimi nililia. Nililia kwa Rahma, na kwa wimbo ambao umekwisha kutungwa bila mimi kuwepo. Vilikuwa vilio viwili na sikuweza kuvitenganisha.

Baadaye, watu wakiwa kwenye chakula, Baraka alinifuata pale kwenye nguzo. Alikuwa na jasho, na uso wa mtu anayesubiri hukumu.

"Mwalimu, naomba msaada wako," akasema. "Ile ya mwisho, kuna kodi nilipita katikati, kati ya ile C maina na kurudi kwenye kodi ya nyumbani, ile wimbo unapoanzia. Jana haikuwepo. Imetoka leo na sijui niliishikaje. Mkono ulienda wenyewe. Naogopa nitaisahau nikifika Turiani."

Nilimtazama.

"Lete gitaa," nikamwambia. "Shika ulivyoshika."

Alijaribu mara ya kwanza, sio. Ya pili, sio. Nikamwambia aiimbe kwanza ile sauti, kisha aache mkono uifuate. Ya tatu ikaja. "Usiondoe," nikasema, nikatoa simu, nikaweka nukta pale vidole vyake vilipokaa, moja moja, kwa kidole cha mkono wa kulia. Jina likatokea. Nikajaza visanduku vyote vinne. Juu ya wimbo, mahali pa jina la mtunzi, palikuwa pameandikwa Zainabu. Nikaongeza: "na Baraka". Nilichelewa kidogo kabla ya kuandika. Sitadanganya hapa.

Dada Asia alinipigia leo mchana. Hakugusia Ijumaa. Aliniambia amelala mpaka saa nne, kwamba nyumba ni tupu sana, na kwamba bendi imealikwa mahali mwezi ujao, na Baraka anaweza kuja. Kisha akasema, "Na wewe utakuja, Zai. Sijui utafanya nini, lakini utakuja." Nikamwambia sijui kama nitaweza kukaa tena kwenye kile kiti. Akasema hata yeye hajui kama ataweza kukaa kwenye ile nyumba.

Kesho asubuhi nina kliniki. Daktari atavikunja tena vile vidole na kuviachia. Nimevifanyisha mazoezi kama alivyosema, kwenye maji ya uvuguvugu, navihesabia kama watoto wa darasa la kwanza. Sioni tofauti. Baba Latifa anasema anaiona, lakini yeye ni mtu wa mbegu, kazi yake ni kuona kisichoota bado.

Mchana huu, mvua ikiendelea, nilifungua ile aplikesheni ya kijivu, nikabonyeza wimbo mpya. Visanduku vyote vitupu. Sikuchukua gitaa. Sikumwita mtu aniazime mkono. Nilikaa tu nikajaribu kusikia kichwani, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha nikaandika kodi moja. Halafu nyingine ambayo sidhani kama mkono wangu ungekwenda huko. Nikajaza safu moja.

Kuna kitufe cha kusikiliza, kinapiga kwa kigitaa cha bati. Sikukigusa.

Nimemtumia Baraka, nimemwambia ajaribu akifika nyumbani na aniambie ikoje. Bado yuko njiani, hajajibu. Kwa hiyo kwa sasa kuna wimbo mdogo wangu mahali fulani kwenye barabara ya Turiani, ndani ya mfuko wa mtu, ambao hakuna aliyewahi kuusikia, hata mimi.

Sijui kama ni mzuri. Sijui kama hivyo ndivyo nitakavyokuwa natunga kuanzia sasa, au kama hii ni namna tu ya kupitisha mvua.

Nangoja anijibu.